Vipimo vya kuaminika, ripoti ya kusomwa kwa tahadhari: huduma ya kupima metali nzito katika udongo wa bustani

Mkulima wa mboga katika bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, hakosi mteja wa kumuuliza kama mchicha wake ni salama, na swali hilo lina msingi. Mto Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita kandokando ya viwanda, gereji na makazi yaliyosongamana, ndipo unapoingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Watafiti wamekwishapima mara kadhaa metali nzito kama risasi, kadimiamu na kromiamu katika udongo na mboga za bonde hilo. Kikundi chetu cha wakulima kilichoka kuwajibu wateja kwa viapo, tukachanga fedha na kuagiza huduma ya maabara moja ya binafsi inayopima metali nzito shambani na kutoa ushauri wa namna ya kuzidhibiti. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimeziona, kwa sura nyingine, katika ripoti walizopewa wenzetu kutoka kwingine, na msomaji atafaidika zaidi akijua adai nini kabla hajalipa kuliko akijua jina moja la kulikwepa.

Huduma yenyewe ina sehemu tatu: ziara ya shambani yenye kipimo cha papo kwa papo, uchambuzi wa sampuli maabarani, na ripoti yenye mapendekezo. Kifurushi cha kawaida kinahusu risasi, kadimiamu, kromiamu na aseniki (ambayo wanakemia hawaihesabu kuwa metali kamili, ingawa madhara yake yanaiweka kundi moja na wenzake). Zebaki hulipiwa peke yake. Mashamba yetu yako ya aina mbili: matuta ya chini yanayofunikwa na mafuriko wakati wa masika, na kipande cha juu kinachopakana na uwanja ambao mafundi betri waliutumia kwa miaka mingi kuvunja betri kuukuu za magari, kumwaga tindikali yake ardhini na kuyeyusha bamba za risasi kwa ajili ya kuuza. Mafundi wamehama siku nyingi, lakini ukichimba kidogo kwa jembe bado unakutana na vigae vya plastiki nyeusi na unga wa kijivu ulioganda kama saruji iliyolowa.

Kipande hicho ndicho kilichotutia hofu zaidi, na anayekumbuka yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, ataelewa kwa nini. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliendesha shughuli zake pembeni ya makazi hayo kuanzia 2007 hadi 2014, wakazi wakapata sumu ya risasi, na kesi yao ikachukua miaka: Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Risasi iliyoingia ardhini haiozi wala haisombwi kirahisi na mvua, bali hung'ang'ania tabaka la juu la udongo, lile lile tunalolilima na ambalo watoto wanalichezea.

Nianze na lililonifurahisha. Ukusanyaji wa sampuli ulifanywa kwa umakini ambao sikuutarajia. Mafundi sanifu walikuja na miiko ya chuma kisichoshika kutu na ndoo za plastiki, wakakataa kwa adabu ndoo yetu ya bati kwa sababu zinki iliyopakwa juu yake, na uchafu unaoandamana nayo, huingia katika sampuli. Katika kila shamba walitembea kwa mwendo wa zigizaga, wakachota udongo wa kina cha sentimita 20 katika sehemu nyingi, wakauchanganya ndani ya ndoo, wakaugawa kwa mikono yenye glavu mpaka ukabaki wa kujaza mfuko mmoja. Lebo waliziandika kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika udongo ukiwa na unyevu. Katika uwanja wa betri walifanya jambo la ziada ambalo halikuwemo katika oda: walichukua sampuli ya pili ya tabaka la juu kabisa, sentimita chache tu, wakieleza kwamba mzizi wa mchicha unahusika na kina cha jembe, ila mtoto anahusika na vumbi, na namba za tabaka hizo mbili zinaweza kupishana sana. Ndivyo ilivyokuwa. Udongo wa juu ulikuwa na risasi nyingi kuliko ule wa kina, na kama wangeuchanganya wote pamoja, hatari yenyewe ingezimuliwa ndani ya wastani.

Kipimo cha papo kwa papo kilikuwa na kasoro ya kwanza. Kifaa kinachotumika hufyatua mionzi ya eksirei kwenye udongo na kusoma mwanga unaorudishwa na kila elementi. Kimeumbwa kama bastola, na vijana wa kikundi walikibatiza jina la bunduki tangu dakika ya kwanza. Ni chombo kizuri cha kutafutia mahali penye risasi nyingi, kwani kinatoa jibu kwa dakika moja au mbili, na mtu anaweza kuchora ramani ya shamba zima kwa asubuhi moja. Udhaifu wake ni kwamba maji ndani ya udongo hupunguza namba inayosomwa, na matuta yetu yalikuwa yamemwagiliwa alfajiri. Fundi aliendelea kupima udongo ukiwa bado umelowa. Nilimwomba auache udongo wa tuta moja ukauke kivulini, kisha aupime tena, na namba ilipanda. Hakubisha, aliandika vipimo vyote viwili katika daftari lake. Hata hivyo nadhani kuwaarifu wateja wasimwagilie siku ya kupimwa ni jambo dogo ambalo lingekaa vizuri katika ujumbe wa simu wa siku iliyotangulia. Zaidi ya hayo, kifaa hiki hakifai kwa kadimiamu kidogo ya aina inayochafua mboga, maana uwezo wake wa kuiona unaanzia juu ya viwango vinavyotuhusu. Anayeambiwa kwamba bunduki haikuona kadimiamu asishangilie, asubiri majibu ya maabara.

Majibu ya maabara yalinipa imani kubwa kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii. Bila kuwaambia, niliugawa udongo wa shamba moja katika mifuko miwili yenye majina tofauti na kuituma kama mashamba mawili. Risasi ya mifuko hiyo ilitofautiana kwa chini ya sehemu moja ya kumi, jambo ambalo kwa udongo, kitu kisicholingana hata ndani ya kiganja kimoja, ni kazi nzuri. Ripoti ilionyesha pia kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kukigundua kwa kila metali, pamoja na matokeo ya sampuli ya rejea yenye kiasi kinachojulikana, iliyopimwa sambamba na zetu. Nashauri kila mteja aulizie vitu hivyo viwili. Vilevile aulize kuhusu ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za vipimo, akikumbuka kwamba ithibati hiyo hutolewa kwa kipimo mahususi, wala si kwa maabara nzima: maabara inaweza kuwa nayo kwa maji ya kunywa na isiwe nayo kwa risasi katika udongo. Hii yetu ilikuwa nayo kwa risasi na kadimiamu, na ilikiri bila kuzungushazungusha kwamba haikuwa nayo kwa aseniki.

Ripoti ndiyo iliyonisumbua. Ukurasa wa kwanza una jedwali la namba kwa miligramu katika kilo moja ya udongo, na pembeni mwa kila namba kuna rangi ya kijani, njano au nyekundu. Rangi hupendeza, lakini hazielezi zimetokana na kiwango cha nani. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za 2007, nchi nyingine zina zake, na viwango hubadilika: Shirika la Mazingira la Marekani, kwa mfano, Januari 2024 liliteremsha kiwango cha risasi cha kuanzia uchunguzi katika udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200. Shamba letu la juu lilizidi 400 kidogo. Kwa kipimo cha zamani lingekuwa la kutilia shaka, kwa kipya limevuka mara mbili, na msomaji wa ripoti anayo haki ya kujua ni mizani ipi iliyotumika kulipaka rangi.

Kasoro kubwa zaidi ni kitu ambacho hakikuwemo kabisa. Kifurushi cha metali nzito hakipimi pH ya udongo (kipimo cha tindikali: chini ya 7 udongo una tindikali, juu yake hauna) wala kiasi cha mboji. Hivyo viwili vinauzwa katika kifurushi kingine, cha rutuba. Utengano huo unaweza kuwa na maana katika uhasibu, ila shambani hauna maana yoyote. Namba ya jumla ya kadimiamu inaeleza kilichomo ardhini, lakini kiasi kitakachopanda mpaka kwenye jani huamuliwa na ukali wa tindikali ya udongo, mboji, na wingi wa mfinyanzi. Katika udongo wenye pH ya 5, kadimiamu hulegea na kufuata maji kuingia mzizini. pH ikikaribia 7, sehemu kubwa yake hushikwa na chembe za udongo. Mashamba mawili yenye namba moja ya kadimiamu yanaweza kutoa mchicha wa aina mbili tofauti kabisa. Kumpa mkulima namba ya metali bila pH ni kumpa nusu ya jibu kwa bei ya jibu zima.

Kwa kuwa hawakuwa na pH mkononi, mapendekezo yao yalikuwa ya jumla, na ya jumla yakawa ya makosa. Mashamba yote yaliandikiwa chokaa ya kilimo. Chokaa ni dawa nzuri kwa kadimiamu na risasi katika udongo wenye tindikali, hilo halina ubishi. Lakini kina mama wa kikundi wamekuwa wakimwaga majivu ya kuni na mkaa katika matuta ya chini tangu walipoanza kulima hapo, na tulipolipia kipimo cha pH kama nyongeza, matuta hayo yalikuwa tayari yamepita 7. Chokaa hapo ingekuwa fedha iliyotupwa, na pengine ingewanyima mimea madini ya chuma na zinki inayoyahitaji. Jambo zito zaidi lilikuwa ukingo mmoja uliozungushiwa vipande vya nguzo kuukuu zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, ambako aseniki ilisomeka juu kuliko kwingineko. Aseniki haifuati tabia za risasi. Udongo ukipoteza tindikali, aseniki huelekea kulegea badala ya kushikwa, na fosfati nyingi, ambayo huifunga risasi katika madini yasiyoyeyuka, huisukuma aseniki itoke mahali ilipojishika. Ushauri mmoja uliobandikwa kwenye mashamba yote ungetibu upande mmoja na kuuharibu mwingine.

Kisha kukawa na suala la mboga zenyewe. Tuliongeza malipo ili mchicha na matembele vipimwe, na majibu yalitutia hofu: risasi katika mchicha wa matuta ya chini iliandikwa miligramu 1.8 katika kilo moja, ikalinganishwa na kikomo cha 0.3 kwa mboga za majani kilichowekwa na Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kisha ikapakwa nyekundu. Mweka hazina wetu, mama ambaye hapitishi hesabu bila kuihakiki, ndiye aliyeona maandishi madogo chini ya jedwali yaliyosema kwamba namba zilikuwa za jani lililokaushwa. Kikomo cha Codex ni cha jani bichi, kama linavyouzwa sokoni. Sehemu takriban tisa kati ya kumi za uzito wa mchicha ni maji, kwa hiyo 1.8 ya jani kavu ni karibu 0.18 ya jani bichi, chini ya kikomo. Tulipiga simu, tukapokelewa kwa heshima, na ripoti iliyosahihishwa ikaletwa bila malipo. Mchicha wa uwanja wa betri ulibaki mwekundu hata baada ya kusahihishwa, na tuliacha kuuvuna. Lakini fikiria mkulima asiye na mweka hazina wa namna hiyo, anayepokea karatasi nyekundu kwa shamba ambalo halistahili, na habari ikamfikia mnunuzi wake kabla ya masahihisho.

Maabara hii inauza pia huduma ya kusafisha udongo kwa kupanda alizeti, na kijitabu chake kina picha za kuvutia. Nawashauri wenzangu waiache. Hesabu haihitaji mtaalamu: udongo wa juu wa sentimita 20 katika hekta moja una uzito wa tani zipatazo 2,600. Kuondoa miligramu 200 za risasi katika kila kilo ya udongo huo ni kuondoa kilo 520 za risasi. Tuseme alizeti inatoa tani 10 za mimea mikavu kwa mwaka na kila kilo imebeba miligramu 50 za risasi, makadirio ya ukarimu kwa metali inayong'ang'ania mizizi kiasi hicho. Utakuwa umetoa nusu kilo, na kazi itakamilika baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Mimea yenyewe haiwezi kulishwa mifugo wala kuchomwa jikoni. Kutumia mimea kuna nafasi yake: kangaga aina ya Pteris vittata hufyonza aseniki kwa wingi wa kushangaza, jambo lililotangazwa na watafiti wa Florida mwaka 2001, na kule Lubumbashi wataalamu wamejaribu majani yanayostahimili shaba, pamoja na chokaa na mboji, ili kufunika udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba. Hao wa Lubumbashi hawakudai kuwa wanaiondoa shaba ardhini. Walikusudia kulizuia vumbi lisiruke, na hilo ni lengo linalofikika.

Sifa za mwisho zinamwendea bwana shamba wao, aliyekuja baada ya malalamiko yetu na kutembea nasi tuta kwa tuta. Alichotueleza kwa saa chache kilizidi ripoti nzima. Kwa uwanja wa betri alishauri tusilime ardhini: tuweke matuta yaliyoinuliwa ya udongo safi wenye kina cha sentimita 30 hivi, juu ya kitambaa kizito kinachopitisha maji, na njia zote katikati zifunikwe kwa kokoto au majani. Kwa matuta ya chini alituambia tuendelee na mboga, ila tuweke matandazo ya nyasi, kwa kuwa risasi nyingi inayoonekana katika mchicha haijapita mzizini. Ni tope lililorushwa na mvua au keni ya kumwagilia likaganda mgongoni mwa jani. Tope hilo huoshwa. Kadimiamu haioshwi, maana iko ndani ya jani lenyewe, na pale ilipoonekana juu kidogo alipendekeza tubadili zao, tuache mchicha na chainizi tupande bamia, nyanya na biringanya, kwa sababu tunda hukusanya metali kidogo kuliko jani. Mazao ya mizizi, kama karoti, aliyakataa kabisa upande wa juu. Kuhusu watoto hakupamba maneno: wanawe hawatacheza pale, na wetu wasicheze. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama, akasema, kwa hiyo wanaoishi jirani na uwanja ule wapeleke watoto wapimwe damu. Nguzo zenye dawa tuliziondoa wiki ile ile.

Ushauri wa namna hiyo ndio uliostahili kuwa kiini cha huduma, si zawadi ya anayelalamika. Gharama ni kubwa kwa mkulima mmoja: kifurushi cha shamba moja kinakaribia bei ya mifuko miwili ya mbolea ya kukuzia, na zebaki, pH na mboga huongeza. Kwa kikundi kinachochanga inavumilika. Wanaolima karibu na machimbo madogo ya dhahabu, kama Geita au Chunya, wasiache kulipia zebaki hata kama itawauma, maana huko ndiko inakotumika kukamatia dhahabu, ingawa Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Na udongo wao usianikwe juani, kwani zebaki hupotea hewani ukipata joto na jibu likaonekana safi kuliko udongo ulivyo.

Tutawaita tena baada ya masika, mafuriko yatakapokuwa yameleta tope jipya katika matuta ya chini. Safari hii oda itaandikwa na sisi: pH na mboji pamoja na metali, mboga kwa uzito wa jani bichi, jina la kanuni iliyotumika kando ya kila rangi, na bwana shamba siku ya kwanza. Meneja wao amekwishakubali kwa maandishi yote hayo isipokuwa bei.